Kipande cha Waya wa Kijani

Simu ya msiba ilinikuta nimeinama juu ya mashine, napuliza vumbi la mninga kwenye reli zake. Aliyepiga alikuwa Edina, binti wa bosi wangu wa zamani, naye hajui kuzunguka: "Dada Lusia, Mzee Yeremia ametutoka. Tunazika Alhamisi, Njombe." Nikazima mashine nikakaa. Alhamisi nilifunga karakana yangu hapa Makambako, nikapanda gari la asubuhi, na saa nne nilikuwa nimekaa kwenye turubai pamoja na kina mama wengine, shuka mabegani kwa sababu ya upepo, nikisikiliza watu wanavyomsifu fundi umeme aliyewasha taa kwenye nusu ya nyumba za mji ule. Wasifu ukasomwa, kwaya ikaimba, kisha wakati wa kusubiri chakula vikaanza visa, na kisa cha kwanza kilikuwa changu. Jamaa mmoja tuliyefanya naye kazi enzi hizo akakisimulia kwa mbwembwe zote: jinsi binti wa msasa alivyomkamata mzee wa kanisa kwa waya mmoja, na jinsi mzee alivyokuwa mnyoofu, akakiri mbele za watu. Waombolezaji walicheka, mjane naye akacheka huku akijifuta macho. Nami nilicheka, ningefanya nini, lakini chakula kilipokuja sahani yangu nilimpa jirani. Kisa kile nimekisimulia mwenyewe miaka yote hii, kwenye harusi na kwenye foleni za benki, na kila mara nimekikata pale kinaponipendeza.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Habari za kwetu Mawengi, ndugu na mashamba, naziacha, maana hazikunisaidia chochote mwaka ule. Nilipanga chumba nyuma ya gesti moja karibu na njia panda ya Makambako, chumba chenye kitanda, ndoo na dirisha lililotazama malori. Usiku madereva walipasha injini zao na mimi nikalala hivyo hivyo. Mchana nilikuwa kwa Baba Edina. Karakana yake ilikuwa bati moja refu lisilo dari, upande wa pili wa reli, na humo tulitengeneza milango, vitanda na majeneza. Wanaume walikata na kuunga. Sisi wanawake watatu tulipiga msasa na kupaka vanishi kwenye kona ya mwisho, tumejifunga vitambaa puani, na jioni tukikohoa tulitema rangi ya mbao tuliyoshinda nayo. Kwa Baba Edina fundi alikuwa mwanaume na mwanamke alikuwa msasa. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayesema kwamba Njombe kuna baridi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimefaulu fizikia, jambo ambalo hakuna aliyeniuliza, na kwa miaka mitatu nililiweka moyoni kama mtu anayeficha kisu.

Mashine ilikuja mwezi wa sita, asubuhi ambayo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka tukawasha jiko la mkaa mlangoni. Ilikuwa ya mwalimu mmoja mgeni aliyefundisha useremala kwenye chuo kimoja cha misheni. Alikuwa ameiunda mwenyewe kwa kujifurahisha, jioni baada ya vipindi, na alipomaliza mkataba akamwachia Baba Edina pamoja na laptopu kuukuu na daftari la maelezo. Ukubwa wake ni kama kitanda cha mtoto. Juu yake kuna mkono unaokwenda huku na huku, na kwenye mkono kuna mota iliyoshika biti. Unachora kwenye laptopu, mkono unafuata mchoro, biti inachonga mbao. Baba Edina aliizunguka mara mbili, akaipiga teke kidogo kwenye mguu kama mnunuzi wa ng'ombe, akauliza, "Nani hapa anajua kompyuta?" Wanaume wakatazamana. Nikasema, "Mimi, Baba." Nilikuwa nimegusa kompyuta mara nne maishani. Akasema haya, jaribu, lakini msasa wako usilale.

Wa kuifungia umeme alikuwa Mzee Yeremia, na kwa hilo hapakuwa na mjadala. Alikuja kutoka Njombe amevaa tai ndani ya ovaroli, penseli sikioni, mfuko wa ngozi begani. Tuliacha kazi tukamwamkia mmoja mmoja, naye akaitikia kila shikamoo kwa jina la mtu, hata jina langu alilolisikia mara moja tu. Kabla hajagusa swichi kuu alivua kofia akaomba. Kisha akatandaza vyombo vyake kwenye gunia na kufanya kazi mpaka alasiri, polepole, huku akijisemea kwa Kibena. Mimi nilisimama pembeni na daftari la mwalimu nikimsomea. Mota ile haichukui umeme moja kwa moja ukutani. Kuna boksi la chuma katikati, boksi la spidi, na boksi hilo hupokea amri kutoka bodi ndogo iliyochomekwa kwenye laptopu kupitia waya mwembamba wenye nyuzi mbili, mmoja mweupe, mmoja wa kijani. Amri yenyewe ni umeme kidogo tu: ukiongezeka, mota inakimbia, ukipungua, inapoa, ukiwa sifuri, inasimama. Mzee alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akafunga. Alipomaliza alifunika boksi, akakaza skrubu nne, akaandika juu kwa kalamu nzito: USIFUNGUE. Hilo neno lilikuwa kwenye kila kazi yake kuanzia Makambako mpaka Ludewa, na watu walilitii. Mafundi wa kwetu walikuwa na utaratibu: kazi ya mtu huifungui. Ukiona ina kasoro unamwita mwenyewe aje, hata kama yuko mbali, hata kama kasoro unaiona kwa macho yako. Baba Edina alinieleza sababu, nayo ilikuwa ya akili: nyumba ikiungua na boksi limeguswa na watu wawili, kila mmoja atamtaja mwenzake.

Siku za kwanza mashine ilichonga maua kwenye milango na watu wakaja kutazama. Halafu ikaanza ugonjwa wake. Asubuhi inazunguka vizuri, unaiambia kasi ya nusu inakwenda nusu. Ikifika saa sita mchana inalia, inazama, inasimama, na mkono hausimami. Mkono unaendelea kusukuma biti iliyokufa ndani ya mbao mpaka biti inakatika kwa mlio wa mfupa. Biti zilitoka Dar kwa basi, kwenye bahasha, na kila iliyokatika Baba Edina aliipanga dirishani ili niione. Wanaume walikuwa na jibu tayari. "Umeme wa mchana mdogo," walisema. "Saa sita mashine za kusaga zote zinaamka, na wachomeleaji nao, unategemea nini?" Jibu lilikuwa zuri. Kila mtu Makambako anajua taa za mchana zinavyofifia mahindi yakiwa mengi, na mimi nililiamini miezi mingi. Baba Edina akaazima stabilaiza ya kutuliza umeme, haikusaidia. Nikatenganisha waya mwembamba na waya mnene wa mota, kwa sababu daftari lilisema zikilala pamoja zinasumbuana, haikusaidia. Nikabadilisha namba za kwenye boksi moja baada ya nyingine, nikaziandika, nikazirudisha. Nikalala na daftari lile kifuani, nikala makande huku nimelifungua mapajani, mama mwenye gesti akaniuliza kama ni biblia ya Wakatoliki.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata padre wa parokia moja karibu na Njombe, aliyewahi kuona milango yetu, aliagiza Njia ya Msalaba: vituo kumi na vinne vya mninga, vitundikwe kabla ya Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima. Baba Edina ni Mlutheri, lakini kazi ni kazi. Shida ni kwamba kituo kimoja kilihitaji saa sita mfululizo, maana mashine ikisimama katikati inapoteza mahali ilipokuwa na ubao unakwenda kuni. Tulichoma mbao tatu. Kwenye ya tatu, Simoni wa Kirene alikatika kiuno. Baba Edina aliushika ule ubao muda mrefu, kisha akaniita nje.

"Lusia, kuna bwana wa Iringa ananiulizia hii mashine. Nimemwambia Jumamosi ijayo aje na gari."

"Baba, nipe mwezi."

"Nimekupa minane. Ikizunguka mchana kutwa kabla ya Jumamosi, bwana atarudi mikono mitupu. Isipozunguka, anaibeba, vituo nitampa mchongaji wa mkono, na wewe unarudi msasani. Siyo hasira, mwanangu. Ni karakana."

Hakuwa na hasira kweli. Hasira zote nilikuwa nazo mimi. Usiku ule nilikaa kitandani nikajua kitu kimoja bila shaka yoyote, kwamba nikirudi kwenye kona ile sitatoka tena, nitazeekea pale nikikohoa vumbi, na nitakuwa mmoja wa wale wanaosema waliwahi kujaribu. Nikaapa sitarudi. Sikuwa na mpango, nilikuwa na kiapo tu.

Jumapili nilikwenda misa ya kwanza, na saa tatu nilikuwa karakanani na ufunguo niliopewa kwa ajili ya kufagia. Naomba nisihukumiwe kwa kufanya kazi Jumapili, nilishaungama. Nikawasha mashine ikachonge hewa, bila mbao. Saa tatu vizuri, saa nne vizuri, saa tano vizuri. Saa sita kasoro nikaacha izunguke, nikafungua kibakuli changu cha viazi na maharage, nikachomeka chaja ya laptopu kama kila siku, nikatia kijiko mdomoni. Mota ikalia, ikazama, ikasimama. Nikabaki na kijiko mdomoni nikisikiliza. Nje palikuwa kimya kabisa. Jumapili mashine za kusaga hazisagi mpaka ibada ya pili iishe, wachomeleaji wamelala, balbu juu yangu inawaka nyeupe kama maziwa. Umeme ulikuwa mwingi kuliko siku yoyote ya wiki na mota ilikuwa imekufa saa ile ile. Basi si mashine za kusaga. Nikajiuliza kwa sauti, "Saa sita kuna nini?" Saa sita mimi ninakula. Na ninapokula, laptopu imeishiwa chaji, ninachomeka chaja. Nikaichomoa. Mota ikaamka yenyewe ikakimbia kama haijawahi kuumwa. Nikachomeka, ikafa. Nikachomoa, ikafufuka. Nilirudia mpaka nikaanza kucheka peke yangu, halafu nikalia, halafu nikamaliza viazi maana vilikuwa vinapoa.

Nikachukua mita ya kupimia umeme nikagusa zile nyuzi mbili pale zinapotoka kwenye bodi. Bila chaja, amri ilikuwepo, volti tano na kidogo. Kwa chaja, sifuri. Mahali fulani waya wa kijani ulikuwa umegusana na kitu ambacho chaja inakileta kutoka ukutani, na kitu hicho, chaja ikiwa na miguu mitatu, ni arthi, njia ya umeme kwenda ardhini. Kwenye bodi sikuona kosa. Kwenye njia ya waya sikuona kosa. Pakabaki mahali pamoja tu ambapo sikuwa nimetazama kwa miezi minane, na palikuwa pameandikwa USIFUNGUE. Nilizima swichi kuu, nikasimama mbele ya lile boksi. Kisha nikachukua bisibisi nikafungua skrubu zote nne.

Kosa lilikuwa wazi, tena lilikuwa safi, limekatwa vizuri na kukazwa vizuri. Mzee alikuwa ameufunga waya wa kijani pale daftari liliposema, halafu kutoka hapo hapo akaongeza kipande cha waya, urefu wa kidole, mpaka kwenye nati ya arthi. Kwa nini, nilijua papo hapo. Mafundi umeme wa majumbani walifundishwa nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni arthi. Mzee alikuwa ameona kijani kisichofika ardhini, na mkono wake haukuweza kukiacha hivyo. Laptopu ikiwa kwa betri, hakuna madhara. Ukichomeka chaja, upande wa pili wa amri nao unashika arthi, amri inajifunga yenyewe, mota inasikia sifuri. Nikakitoa kile kipande. Nikafunika, nikachomeka chaja, nikaendesha mashine mpaka saa tisa alasiri bila kupepesa jicho. Ilizunguka mpaka mwisho.

Hapa kwenye harusi huwa naruka. Huwa nasema: nikagundua chaja, nikamfuata Mzee Njombe, akaja, akafungua, akaona. Sisemi kwamba nilikuwa nimeshamaliza. Saa kumi jioni, siku zilizobaki zikitosha vituo kumi na vinne, kimoja kwa siku, na akiba ya siku tatu tu, nilifungua tena boksi, nikakirudisha kile kipande cha waya mahali pake, nikakaza, nikafunika, na mashine ikawa mbovu kama nilivyoikuta.

Jumatatu nilikuwa Njombe. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya barabara, sebule yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, jiko la mkaa katikati, na harufu ya maparachichi yaliyoiva ndani ya ndoo nyuma ya mlango. Mkewe, Mama Anna, alinipokea kwa kamwene, akaona sijui kuendelea na Kibena chake, akacheka akageukia Kiswahili. Nikapewa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Mzee alikuja amejifunga blanketi, nikamwamkia, akauliza habari za kila mtu karakanani mpaka paka. Ndipo nikasema nilichokuja nacho: mashine inakufa nikichomeka chaja, inafufuka nikichomoa, naomba aje aangalie.

Akaweka kikombe chini. "Umefungua boksi langu?"

"Hapana, Mzee."

"Hujafungua."

"Sijafungua."

"Sasa umejuaje shida iko humo?"

"Sijui kama iko humo. Nimekuja kukuita tu."

"Binti, kuna mtu anakuita uje uangalie, na kuna mtu anakuita uje ushtakiwe." Akakaza blanketi. "Mimi nilikuwa na mdogo wangu. Alishika friji dukani kwa mtu, miguu imelowa, hakuachia. Fundi alikuwa ameukata waya wa kijani kwa sababu hakuona kazi yake. Tangu siku hiyo, mkono wangu haujaacha kijani kikining'inia, na hautaacha. Kesho nina kikao cha kanisa."

Akanyanyuka akaingia ndani. Nikabaki na viazi. Kupitia ukutani nilisikia yeye na mkewe wakizungumza Kibena, yeye kwa mkato, mkewe kwa sauti ya chini isiyokoma, na katikati nikaokota neno moja moja: mashine, Wakatoliki, Jumamosi. Mama Anna alitoka na maparachichi manne kwenye mfuko akanisindikiza mpaka barabarani. Niliteremka kwenda kituoni nikijitukana. Nilikuwa na mashine nzima mkononi, nimeiharibu kwa mikono yangu, na mwenye kuitengeneza ana kikao.

Jumanne hakuja. Nilipiga msasa siku nzima na Baba Edina alipita nyuma yangu mara tatu. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu, dakika mbili tu zingetosha, na mara mbili nilitembea mpaka kwenye boksi. Mara mbili nikarudi. Jumatano saa nne Mzee Yeremia aliingia mlangoni na tai yake na mfuko wake wa ngozi. Karakana nzima ikaacha kazi.

Hakunisalimia kwanza, alikwenda moja kwa moja kwenye chaja. Akachomeka, mota ikafa. Akachomoa, ikaamka. Akafanya hivyo mara saba, uso wake haubadiliki. Kisha akazima swichi kuu, akavua kofia, akaomba, akafungua boksi lake. Alipouona ule waya alipeleka mkono kwenye nati, akaurudisha, akaokota skrubu moja akaigeuza kidoleni.

"Hiki kijani kinatoka wapi?"

"Kwenye bodi, Mzee. Si cha arthi. Ndicho kinachobeba amri ya spidi."

"Nani amepaka amri rangi ya kijani?"

"Waliotengeneza waya, huko kwao."

Wanaume wakacheka. Yeye hakucheka. Alifungua nati, akatoa kile kipande, akakishika juu kila mtu akione. "Mafundi," alisema, "nimekosea mimi. Binti huyu anavunja biti miezi minane kwa sababu yangu, na nyie mmekaa mnasingizia mashine za kusaga. Yeye ameona nisichokiona mimi." Akageuka kwa Baba Edina. "Huyu ni fundi. Usimpe tena msasa, utakuwa unajiibia." Baba Edina alitoka nje kumpigia bwana wa Iringa, akamwambia asije. Nikaweka ubao wa kituo cha kwanza, nikachomeka chaja, nikawasha.

Vituo vyote kumi na vinne vilitundikwa siku moja kabla ya Ijumaa ile, na bado vipo. Baba Edina aliajiri mwingine wa msasa na mimi sikuwahi kurudi kwenye kona. Miaka sita baadaye nilifungua karakana yangu, na mashine ile ndogo niliinunua kwake mwenyewe. Haya yote ni kweli, na hapa ndipo watu hupiga makofi.

Lakini Jumatano ile, mchana, nilimsindikiza Mzee kituoni. Nilimbebea mfuko wake wa ngozi, yeye akatembea mbele kidogo, mikono nyuma. Tulipovuka reli akapunguza mwendo.

"Ulinidanganya," alisema.

Nikahamishia mfuko bega la pili.

"Skrubu ya chini kulia, tundu lake limelika. Niliizungushia uzi wa pamba ili ikaze. Leo uzi haukuwepo. Ulifungua lini?"

"Jumapili, Mzee."

"Ukatoa kipande."

"Ndiyo."

"Mashine ikazunguka?"

"Ikazunguka mpaka saa tisa."

"Ukakirudisha. Kwa nini?"

Jibu nilikuwa nalo tayari. "Kazi ilikuwa yako, Mzee. Kazi ya mtu haifunguliwi."

"Hilo ni la mdomoni. Nipe la moyoni."

Tulikuwa tumefika penye wauza mahindi ya kuchoma, na moshi uliniingia machoni, nikashukuru. "Ningeitengeneza mimi," nikasema, "wangesema umeme umeongezeka. Wangesema bahati. Nilitaka waambiwe na mtu wanayemwamini, na hapakuwa na mwingine ila wewe. Nilijua ukiona utasema."

"Ulijua."

"Nilijua, Mzee."

Akasimama. Alinitazama bila hasira, amechoka tu, na kwa mara ya kwanza nikaona ni mtu mzee kweli. "Hukujua," alisema. "Nilipokiona kile kipande, wazo la kwanza lilikuwa nikitoe kimya kimya, nifunike, niseme skrubu ilikuwa imelegea. Mkono ulishaanza. Ndipo nikaona uzi haupo, nikajua kuna mtu nyuma yangu anayejua. Uzi ungekuwepo, ningenyamaza, na wewe ungerudi kwenye msasa wako. Watu watasema mimi mnyoofu. Wewe usiseme."

Akachukua mfuko wake mkononi mwangu, akapanda gari, akakaa dirishani upande wa pili. Nami nimesema, mara mia, kwa sababu kisa kinahitaji mzee mnyoofu na binti mwerevu, na nilipowasikia wakikisema tena mbele ya jeneza lake nilikuwa na nafasi ya kunyanyuka, nikabaki nimekaa. Siku ile nilingoja gari lipotee, nikarudi kwa miguu. Ilikuwa saa saba na nusu. Mashine za kusaga zote zilikuwa zinanguruma, mota yangu inazunguka katikati ya kelele, na mwanaume aliyekuwa amesimama karibu nayo akanipisha njia.